Kumfundisha Mtoto Majina ya Vyombo vya Shule

Kila mwaka shule zifunguliwapo, watoto wengi sana wa Kenya huingia darasani kwa mara ya kwanza. Mtoto ameoshwa, amevikwa sare iliyo kubwa kidogo ili imfae na mwakani, na mkobani mwake mna daftari moja na penseli moja aliyoichonga baba usiku. Mwalimu asimama mbele, asema, "Toeni madaftari yenu." Watoto wengine wainama na kufungua mikoba, huyu wetu akaa kimya, macho yamemtoka. Mwalimu arudia maneno, sasa kwa sauti ya juu. Mtoto atoa penseli. Wenzake wacheka, na tangu saa hiyo yeye ajua jambo moja tu juu ya shule, yaani kwamba ni mahali pa kuchekwa.

Mtoto huyo si mkaidi wala si mjinga. Daftari alilijua tangu jana. Alilipakata njia nzima kutoka dukani. Asilolijua ni jina lake kwa Kiswahili, kwa kuwa kwao laitwa vingine. Wazazi na walimu wengi hudhani kwamba majina ya vitu vya darasani ni jambo dogo ambalo mtoto ataliokota mwenyewe, kama aokotavyo michezo. Wako wanaookota kweli. Lakini wako pia ambao hupitisha muhula mzima wakifuata wenzao kwa macho, wakitoa kinachotolewa na kufunga kinachofungwa, pasipo kuelewa neno. Na mwalimu mwenye watoto sitini hana njia rahisi ya kuwatambua, maana kwa nje wafanana na walioelewa. Yafaa basi tueleze jinsi majina haya yanavyoweza kufundishwa kwa utaratibu, na kwa nini njia iliyozoeleka, ile ya kuimbisha orodha, haifiki mbali.

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kitu kimoja huwa na majina matatu. Kitabu hicho hicho, mtoto wa Nyeri akiita ibuku, na wa Siaya akiita buk, na wa Kisii akiita egetabu. Kisha aja mwalimu wa Kiswahili na jina lake, na mwalimu wa Kiingereza na jina lake. Tume ya Elimu ya Ominde mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikaona kwamba katika madarasa matatu ya kwanza yafaa kutumia lugha ya mahali mtoto anapokaa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi. Mtaala ulioanza madarasani mwaka 2019 ulibadili mengi, lakini mtoto wa miaka sita angali akipokea lugha tatu kwa pamoja. Na tangu ada ya shule za msingi za serikali ilipoondolewa mwezi Januari 2003, ambapo watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani, mwalimu hana tena nafasi ya kumwinamia kila mmoja na kumnong'oneza maana.

Kabla ya kueleza namna ya kufundisha, natuyatazame majina yenyewe, kwa kuwa mwalimu ajuaye neno limetoka wapi hulifundisha kwa moyo zaidi. Neno "kitabu" ni la Kiarabu, kitab. Waarabu wakitaka kusema vingi husema kutub. Waswahili hawakulifuata neno hilo hata huko. Waliona mwanzo wake wafanana na "kiti" na "kisu", wakalikata kama la kwao, wakasema "vitabu". Hivyo neno la mgeni lilivishwa kanzu ya nyumbani, likasahau lilikotoka. Ndivyo lilivyofanywa na neno "mwalimu", ambalo wingi wake ni "walimu" kama "mwana" na "wana". Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na neno lao wenyewe, "chuo", lililokuwa na maana ya kitabu, na pia mahali watoto wanaposomea Kurani. Leo chuo ni shule ya watu wazima, lakini wazee wa Pwani wangali wakisema mtoto yuko chuoni akiwa amekaa mkekani kwa mwalimu wake.

"Kalamu" nalo lilipitia kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya tete au unyasi, kwa sababu kalamu za kwanza zilikuwa matete yaliyochongwa ncha na kuchovywa katika wino. Sura ya 68 ya Kurani yaitwa kwa jina hilo. "Karatasi" na "daftari" vilevile vyaanzia kwa Wayunani vikapita kwa Waarabu. Na daftari, kwa asili yake, ni ngozi iliyotengenezwa kwa kuandikiwa. Mtoto anayelipakata daftari lake hajui kwamba jina lake lilikuwa ngozi ya mnyama. Lakini mwambie, uone jinsi atakavyolishika kwa uangalifu na kulinusa.

Wareno, ambao walikaa Pwani kwa miaka mingi na kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, walituachia "meza" na "bendera". Wajerumani, walipoitawala Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya 1914, waliacha "shule". Unguja wao hushika "skuli", ambalo ni la Kiingereza, na kila upande huona neno la mwenzake ni la kuchekesha kidogo. Kutoka Kiingereza tulipata "penseli", "chaki", "rula" na "picha". Na yako majina ambayo hayakutoka popote ila humu humu: kiti, ubao, mlango, mkoba, ufagio.

Neno "dawati" lina hadithi yake. Kwa Kiarabu ni kidau cha wino. Katika Kiswahili cha zamani likawa kisanduku cha kuwekea vyombo vya kuandikia. Na sasa darasani ni ile meza ya mwanafunzi, pengine iliyounganishwa na kiti chake. Mwandishi wa maneno haya, ambaye kazi yake ni kufasiri, aliwahi kuandika "madawati arobaini" katika orodha ya mahitaji ya shule. Mzee mmoja wa Pwani akaisoma, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, watoto arobaini, kila mmoja na kisanduku chake cha wino, je, meza za kuviweka mmenunua?" Tulicheka pamoja, lakini nilijifunza kwamba hata jina la kitu cha darasani laweza kuwa na umri, na ya kuwa watu wawili waweza kulisema neno moja kila mtu akiona kitu chake.

Sasa tuje kwenye kufundisha. Kosa kubwa lifanywalo ni kumfundisha mtoto jina tupu. Mwalimu ainua kitabu, asema "kitabu", darasa lote laitikia "kitabu"; ainua kalamu, "kalamu"; na hivi hivi mpaka vitu kumi na viwili vimekwisha. Kelele ni nyingi na sura zina furaha. Kesho yake mwalimu auliza, na watoto wale wanane wa mbele wajibu. Mwalimu aridhika. Lakini katika Kiswahili jina halitembei peke yake. Huenda na wenziwe, nao wote huvaa nguo moja. Twasema kitabu changu, kalamu yangu, daftari langu, ubao wetu. Twasema kitabu chekundu, kalamu nyekundu, daftari jekundu. Mtoto aliyefundishwa neno "kitabu" peke yake hana njia ya kujua kwamba laitaka "changu", naye atasema "kitabu yangu", kama asikiavyo sokoni na ndani ya matatu. Akishazoea hivyo kwa miaka mitatu, kumrekebisha ni kazi ya mwalimu wa darasa la nne, nayo ni kazi ya jasho.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza kabisa jina litoke pamoja na mkia wake. Mwalimu asiseme "kitabu". Aseme "kitabu changu", akikishika kifuani, kisha "kitabu chako", akimpa mtoto. Kalamu iwe "kalamu yangu, kalamu yako". Hapana haja ya kueleza ngeli. Neno lenyewe "ngeli" lisitajwe mbele ya watoto wa miaka sita, maana hawatafaidi lolote. Wao watashika mlio: ki na ch huenda pamoja, da na l huenda pamoja, na sikio la mtoto katika mambo haya ni kali kuliko la mtu mzima. Watoto ambao lugha za kwao ni za Kibantu tayari wana mlio wa namna hii nyumbani. Mkikuyu husema gĩtĩ kwa kiti kimoja na itĩ kwa vingi. Mkisii husema egetabu na ebitabu. Mtoto Mjaluo hana mpango huo katika lugha yake; kiti kwake ni kom, wala jina halivutani na maneno mengine kwa jinsi hiyo. Huyo ahitaji kusikia mara nyingi zaidi, na mwalimu asimwite mzito.

Yuko Mfaransa mmoja, François Gouin, aliyeandika kitabu mwaka 1880 juu ya kujifunza lugha. Alieleza jinsi alivyokwenda Hamburg kujifunza Kijerumani, akajifungia chumbani na kukariri sarufi, kisha kamusi nzima. Alipotoka nje hakuelewa mazungumzo ya watu. Aliporudi kwao alimkuta mtoto wa ndugu yake, ambaye wakati wa kuondoka kwake alikuwa hajajua kusema, sasa azungumza Kifaransa bila taabu. Gouin akaanza kumtazama. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusaga nafaka. Aliporudi akajifanyia kinu chake, akawa anachukua nafaka, anamimina, anasaga, na kila tendo akilisema kwa kinywa. Gouin akatambua kwamba mtoto hashiki majina yaliyopangwa kama mawe ukutani; ashika matendo yafuatanayo, na majina huja yakiwa yameng'ang'ania matendo hayo. Baadaye, katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia James Asher wa California alieneza njia ya kufundisha lugha kwa amri zinazotiiwa kwa mwili: inuka, nenda, chukua, weka. Mama yeyote angeweza kumwambia hivyo, kwa kuwa ndivyo amfundishavyo mtoto mchanga: "Lete kikombe. Mpe baba."

Darasani jambo hili ni jepesi. Mwalimu achague kitenzi kimoja, tuseme "fungua", na vitu vitatu vinavyofunguliwa: kitabu, mlango na mkoba. "Fungua kitabu chako." Watoto wote wafungua. "Juma, fungua mlango." Juma aenda. "Fungua mkoba wako." Kisha "funga" vivyo hivyo. Katika robo saa, watoto watakuwa wamefanya kazi kwa mikono na miguu, wamesikia vitenzi viwili na majina matatu, na hakuna aliyelazimishwa kusimama peke yake na kutamka mbele ya wenzake. Aliyekosa ametazama jirani yake akarekebisha, na hakuna aliyemwona.

Katika mfano huo msomaji atakuwa ameona kwamba tumechanganya kitabu na mlango, wala hatukuweka pamoja kalamu, penseli na chaki. Tumefanya hivyo kwa makusudi, na hapa twakwenda kinyume cha desturi. Watu wengi huona ni jambo la akili kufundisha vitu vya jamii moja siku moja: leo vya kuandikia, kesho vya kukalia. Mwaka 1993 Mmarekani Thomas Tinkham alitoa habari za majaribio yake, ambapo watu walijifunza maneno ya kubuni. Yale yaliyokuwa na maana za jamii moja yalishikwa kwa taabu zaidi kuliko yale yasiyohusiana, kwa sababu maneno yanayofanana kwa maana hugombana kichwani. Mwalimu wa watoto wadogo hahitaji kwenda Marekani kuliona hili. Mfundishe mtoto "kalamu" na "penseli" asubuhi moja, na adhuhuri atakuwa na hakika kwamba kimoja ni kalamu na kingine ni penseli, ila hajui kipi ni kipi. Na shaka hiyo yaweza kudumu mpaka mwaka mpya. Fundisha kalamu leo. Penseli ingoje juma la pili au la tatu, kalamu ikiwa imekwisha kukaa imara. Halafu ndipo uziweke mbili mezani na kuuliza tofauti: hii yafutika, hii haifutiki.

Idadi nayo iwe ndogo. Majina matatu au manne mapya kwa siku yatosha, pamoja na yale ya jana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejijaribu mwenyewe na kutoa matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kulikogawanywa siku nyingi kwafaa kuliko kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Kwa mwalimu maana yake ni hii: dakika tano kila asubuhi ni bora kuliko saa nzima siku ya Ijumaa. Na dakika hizo tano zapatikana pasipo kuibia somo lolote, kwa kuwa kila asubuhi vitabu hugawanywa, ubao hufutwa, madirisha hufunguliwa. Kama mwalimu atayafanya mambo hayo kimya kimya, au kwa lugha nyingine, ametupa somo ambalo halikumgharimu kitu.

Kwa darasa kubwa, kila mstari uwe na kiongozi wake, abadilikaye kila juma. Kiongozi ndiye aitwaye kuja kuchukua: "Chukua vitabu sita. Chukua chaki moja. Chukua karatasi sita." Hapo wingi waingia wenyewe, "vitabu" badala ya "kitabu", na mtoto aona kwamba "karatasi" halikubadilika ingawa mikononi zi sita. Neno "ubao" liachwe katika umoja kwa muda mrefu. Darasani ubao ni mmoja, na wingi wake, "mbao", humpeleka mtoto kwa seremala.

Upo mchezo mmoja ambao watoto hawauchoki. Mwalimu atia vitu vitano katika mfuko wa nguo: kalamu, kifutio, chaki, rula, mkasi wa ncha butu. Mtoto aingiza mkono asitazame, apapasa, asema, "Hii ni rula," kisha atoa na wote waona. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba kukosea kwake hakuna aibu. Hata mtu mzima aweza kudanganywa na vidole. Na mtoto ambaye hajathubutu kusema kwa majuma matatu, hapa mara nyingi ndipo aliposikika sauti yake kwanza.

Hapa yapasa tuseme neno juu ya matamshi, maana ndiyo yanayoleta kicheko kingi na machozi mengi. Lugha ya Kikuyu haina sauti ya l. Mtoto wa Kikuyu, ambaye kwao kalamu huitwa karamu, atasema bila kusita, "Mwalimu, karamu yangu imepotea." Kwa Kiswahili karamu ni chakula kingi cha harusi au cha sikukuu, na bila shaka kuipoteza ni msiba mkubwa zaidi. Mtoto Mjaluo husema "sule" na "mesa", kwa sababu sauti za sh na z hazimo katika lugha yake. Haya si ulegevu wa ulimi. Ni masikio yaliyofundishwa vyema na lugha nyingine. Mwalimu arudishe neno likiwa sahihi ndani ya jibu lake, asimame hapo: "Kalamu yako imepotea? Tutafute kalamu yako." Asimlazimishe kurudia mara kumi mbele ya watu, wala asiruhusu darasa licheke.

Tumesema hivyo kwa sababu nchi hii ina kumbukumbu mbaya. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alivyopigwa fimbo, au kuvishwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumtukana. Fimbo zilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Vibao vya shingoni vimedumu katika kumbukumbu za wengi walio wazee leo, na wako ambao hata sasa wakitafuta neno la kigeni hushika shingo kwanza. Jina la nyumbani lisifukuzwe darasani. Mwalimu akiuliza, "Kwenu hiki chaitwaje?", na mtoto akajibu kwa fahari, tayari mtoto amekubali kwamba kitu chaweza kuwa na jina la pili, na hilo la pili atalipokea bila kinyongo.

Juu ya picha, wengi hutuuliza kama zafaa. Kitabu cha picha cha kwanza kilicho mashuhuri kwa kufundishia watoto maneno kilitungwa na Askofu Johann Amos Comenius, nacho kilichapishwa Nuremberg mwaka 1658. Kila picha ilikuwa na vitu vilivyotiwa nambari, na chini yake maneno ya Kilatini na Kijerumani yenye nambari hizo hizo; na mojawapo ya picha hizo ni ya shule, mwalimu kitini na watoto mabaoni. Comenius alishikilia kwamba mtoto akione kitu kwanza kwa macho yake, ndipo apewe neno. Lakini yeye alichora ulimwengu wote, jua, meli na samaki, vitu visivyoingia darasani. Kalamu imo mezani. Kuninginiza picha ya kalamu ukutani na kuifundisha kwa fimbo ya kuonyeshea, huku watoto arobaini wamezishika kalamu zenyewe, ni kazi ya bure. Picha na zitunzwe kwa ajili ya vitu visivyopatikana, au kwa kurudia baadaye.

Vipande vya karatasi vyenye majina, vilivyobandikwa mlangoni, kabatini na dirishani, vyafaa kwa watoto walioanza kusoma, mradi viondolewe baada ya majuma machache. Kikikaa mwaka mzima hakuna akionaye tena. Njia njema ni kuvibandua vyote siku moja na kuwaambia watoto wavirudishe mahali pake. Kama mtoto abandika "dirisha" kwenye kabati, wenzake watamwambia upesi kuliko mwalimu.

Swali jingine ni lipi lichaguliwe pale ambapo watu hutumia maneno mengi. Kifuta-maandishi cha penseli huitwa kifutio na wengine, ufutio na wengine, na katika maduka yetu mengi raba, ambalo pia ni jina la viatu. Mfuko wa vitabu ni mkoba, begi, au shanta. Maoni yetu ni kwamba katika muhula wa kwanza mwalimu ashike neno moja na kulitumia bila kuyumba, hata kama mwenyewe nyumbani husema jingine. Kwa kifutio sababu ni nzuri: mtoto aona "futa" ndani yake, naye akijua kufuta ubao ameshajua nusu ya jina. Muhula wa pili apewe maneno ya dukani, kwa kuwa mama atamtuma raba, wala hatamtuma kifutio, na muuza duka si mwalimu.

Wazazi nao wana sehemu yao, hata wale ambao Kiswahili chao ni kidogo. Usiku, mkoba unapopangwa kwa ajili ya kesho, dada au kaka aliye darasa la nne na akae na mdogo wake: "Weka kitabu chako. Weka daftari lako. Penseli yako iko wapi?" Kila kitu chaingia mkobani kwa jina lake na mkia wake. Jambo hilo lachukua muda mfupi kuliko kuosha miguu, nalo lamfaa na huyo mkubwa, kwa kuwa aulizaye "daftari lako" kila usiku hatasema "daftari yako" katika mtihani. Baba asiyekijua Kiswahili aweza kumwambia mtoto amfundishe yeye. Watoto hupenda sana kazi hiyo, na huwa walimu wakali.

Jinsi ya kujua kama mtoto ameshika? Usimwulize, "Hiki ni nini?" kisha umpime kwa jibu lake. Watoto wengi huelewa majuma mengi kabla hawajasema, na ukimya wao si dalili ya ujinga. Kama waambiwa wafunge vitabu nao wafunga pasipo kumtazama jirani, wameelewa. Baada ya hapo, mtume mmoja wao darasa la pili, kwa mwalimu asiyemzoea, akaombe kitu kimoja. Asiandikiwe karatasi. Arudiwe maneno mara mbili mlangoni: "Mwalimu wetu aomba chaki mbili na kifutio cha ubao." Kisha aachwe aende peke yake, na mwalimu aendelee na somo huku akisikiliza hatua zake kwenye baraza, mpaka arudipo na kuonekana amebeba nini.